Binti yangu ananidai hela ya Idi, nami nataka kumpeleka benki

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Tabata na ninashona nguo katika kibanda kilicho karibu na nyumba tuliyopanga. Mume wangu anaendesha bajaji ya mkataba: siku sita kwa wiki anampelekea tajiri shilingi 20,000, na baada ya miezi 20 chombo kitakuwa chake. Binti yetu ana miaka 12 na yuko darasa la sita, na mdogo wake wa kiume ana miaka 8. Hatuna mali, lakini hatulali na njaa, na kwa miaka mitatu tumekuwa tukiweka akiba benki kwa ajili ya kununua kiwanja huko Chanika.

Nilikulia katika nyumba ambayo habari za fedha zilikuwa za wakubwa. Baba alipohesabu pesa, sisi tulitolewa nje. Niliolewa nikiwa sijui hata tofauti ya akiba na mkopo, na deni langu la kwanza, nililolichukua kwa watu wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme, liliondoka na cherehani yangu. Sikutaka watoto wangu waipite njia hiyo. Kwa hiyo likizo ya Juni niliwachukua wote wawili tukaenda benki mjini, ili waone jinsi pesa inavyowekwa na waanze kuizoea.

Safari ile iliniletea matatizo matupu. Tulikaa kwenye foleni zaidi ya saa moja na nusu, mdogo akalala kwenye kiti, na dada aliyetuhudumia hakuwa na muda wa kujibu swali lolote la mtoto. Tulipotoka, binti yangu aliichukua ile karatasi ya benki akaisoma, akaona salio letu la shilingi 3,480,000. Kabla wiki haijaisha habari ilikuwa imefika kwa binamu zake, na kutoka huko ikafika kwa wifi yangu, ambaye alipiga simu kuomba akopeshwe 500,000. Nilipomwambia kwamba pesa ile ina kazi yake, alinijibu kwamba sasa ameujua moyo wangu. Mume wangu alikasirika sana. Anasema watoto hawapelekwi benki, na kwamba tangu leo fedha isizungumzwe mbele yao.

Nilipojaribu kumwambia binti yangu kwamba nitamfungulia akaunti ya watoto ili aweke akiba yake mwenyewe, aliniuliza, "Nitaweka nini, mama? Ile ya Idi uliyonitunzia iko wapi?" Ni kweli alinipa nimtunzie hela aliyopewa na ndugu katika sikukuu mbili, jumla shilingi 46,000, nami niliitumia kwenye gesi na michango ya shule. Tangu hapo anaweka sarafu zake katika kibubu alichokificha kwa bibi yake, wala haniambii zimefika ngapi. Huyu mdogo naye, nikimwambia sina pesa, ananijibu niende "ukutani", yaani kwenye mashine ya benki, nikatoe.

Sasa shule imeleta barua ya ziara ya wanafunzi kutembelea benki, mchango 25,000 kwa kila mtoto. Je, nilipe? Niwapeleke tena mwenyewe, na wapi, na kwa umri gani? Na mume wangu nimwambie nini?

Mama wa Wawili, Tabata

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu jambo lililo zito kuliko yote umeliandika kwa sentensi chache na kulivuka kama mtu anayeruka dimbwi. Umeniuliza kuhusu benki, shule na mume, nami nitayafikia yote. Lakini kwanza tukae kwenye zile shilingi 46,000.

Kabla ya kustaafu nilikaa nyuma ya dirisha la benki hapa hapa Dar es Salaam kwa miaka 27. Nilianza wakati ambapo mteja wa akiba alikuja na kitabu chake kidogo, tukakiandika kwa mkono na kukipiga muhuri, naye alikisoma hapo hapo kabla ya kugeuka. Kompyuta zilikuja baadaye, lakini kazi ilibaki ile ile: kupokea pesa ya mtu, kuiandika mbele ya macho yake, na kumrudishia siku atakapoitaka, bila kumuuliza anaitakia nini. Binti yako alikupa pesa, hukuiandika popote, na alipoitaka haikuwepo. Kwa lugha ya kazi yangu ya zamani, benki ya kwanza ambayo mtoto huyu aliijua ni wewe, na benki hiyo ilishindwa kulipa amana. Mteja akafanya kile ambacho wateja wote hufanya wakisikia habari kama hiyo: alitoa kilichobaki akakihamishia mahali anapopaamini, yaani kwa bibi yake. Mimi naona ameonyesha akili ya fedha kuliko unavyomdhania.

Sikulaumu, maana hela ya Idi ya watoto wa mji huu imejaza mitungi mingi ya gesi, na mama asiyewahi kuikopa kimya kimya ni nadra. Lakini huwezi kumwambia mtoto aiamini benki asiyoijua ilhali ile anayoijua inamtaka asahau anachoidai. Kwa hiyo safari yako ya kwanza ya elimu ya fedha haina nauli. Kaa naye, mkiwa wawili tu, umwambie kiasi kamili ulichokichukua na ulikitumia kwa nini, kisha mpatane namna ya kulipa. Kama huwezi kutoa zote kwa pamoja, lipa 5,000 kila Jumamosi. Wiki tisa zitamaliza 45,000 na wiki ya kumi utamalizia 1,000 iliyobaki. Kila malipo yaandikwe katika daftari lenye safu nne, yaani tarehe, kilichowekwa, kilichotolewa na salio, nawe utie sahihi yako mbele yake. Katika wiki hizo kumi atajifunza amana ni nini, deni ni nini, ratiba ya marejesho inaonekanaje na kwa nini sahihi ina thamani, mambo ambayo kijana wa benki hawezi kumweleza kwa nusu saa hata awe na moyo mwema kiasi gani.

Huenda ukajiuliza kama umwongezee kitu juu. Kwa kuwa umetaja Idi, nadhani suala la riba lina uzito katika nyumba yenu, na mimi singependa mtoto ajifunze kwa mama yake jambo ambalo maalim wake anamkataza. Msiweke sharti lolote la nyongeza. Ukimaliza kulipa na ukataka kumpa zawadi kwa hiari yako, hilo ni jambo jingine, na kama una shaka mwulizeni maalim. Hapo pia pana somo, kwa sababu binti wa miaka 12 anaweza kabisa kuelewa kwamba zipo benki zinazotoa riba na zipo zinazofanya kazi kwa misingi ya Kiislamu, kwa kugawana faida au kwa kununua na kuuza. Amana Bank ilianza kazi hapa mjini mwaka 2011 kwa misingi hiyo, na baadhi ya benki nyingine zina madirisha ya namna hiyo ndani ya matawi yao ya kawaida. Siku mtakapokwenda kumfungulia akaunti, hilo liwe swali lake yeye la kuuliza.

Sasa niingie kwenye ile karatasi ya salio. Umeandika kana kwamba kosa ni la safari, na mume wako anaamini hivyo, lakini mimi naona kosa moja tu, nalo ni dogo: mtoto alionyeshwa siri bila kuambiwa kuwa ni siri. Watoto wetu hufundishwa mapema kwamba yanayosemwa chumbani hayapelekwi uwanjani. Hakuna aliyemwambia binti yako kwamba karatasi ya benki nayo ni chumba. Mwambie sasa, tena umweleze kwamba mfanyakazi wa benki amefungwa na wajibu wa kutunza siri ya mteja, kiasi kwamba mimi kwa miaka 27 nilijua salio la jirani zangu na sikuthubutu kumwambia hata mume wangu. (Aliniuliza mara nyingi, Mungu amrehemu.) Watoto hupenda kupewa wajibu wa aina hiyo. Kuhusu kiasi chenyewe, si lazima waijue namba. Inatosha wajue kazi ya pesa, kwamba mnaweka akiba ya kiwanja na kwamba haiguswi kwa jambo jingine. Wifi yako umemjibu vizuri. Hilo ni la watu wazima, binti asiletewe kesi yake.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha hayo hayatokei tena, nayo ni kwamba mkienda benki muende kwa shughuli ya mtoto, si kwa shughuli yenu. Akaunti iwe yake, pesa iwe yake, karatasi itakayotoka mashineni iwe na salio lake la shilingi 20,000 au 30,000, na akitaka kumtangazia binamu yake, amtangazie. Ndilo lililoniudhi katika safari yenu ya Juni kuliko foleni. Wale watoto walikwenda kumtazama mama akifanya mambo ya mama. Hakuna mtu aliyejifunza kupika kwa kukaa kwenye kiti cha plastiki akiangalia mgongo wa mpishi.

Hata hivyo, nisingeanza na benki. Taasisi ya fedha iliyo karibu kuliko zote ni wakala wa pale mtaani kwenu, mwenye meza na mwavuli. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, pesa nyingi za watu wa kawaida zimepitia kwenye meza za aina hiyo kabla ya kuona ukuta wa benki. Mpe binti yako 10,000, aende nawe, aiweke kwenye simu yako, asome ujumbe wote unaorudi hadi mwisho, kisha kesho yake aitoe, asome tena. Atagundua mwenyewe kwamba kilichorudi mkononi na makato kwa pamoja vinatimiza kile alichokiweka, na atakuuliza makato ni nini na yanakwenda wapi. Mjibu kwamba sehemu ni ya kampuni ya simu, sehemu ni ya wakala anayeshinda juani, na sehemu inakwenda serikalini. Hapo hapo mfundishe kwamba namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa anatoka huduma kwa wateja, na mwonyeshe ule ujumbe wa matapeli unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao bila shaka umewahi kuingia kwenye simu yako. Yule mdogo wa miaka 8 mchukue pia, maana ugonjwa wake wa "ukutani" hutibiwa hapa. Aone pesa ya baba ikihesabiwa jioni, aone ikiwekwa, na siku ukienda kwenye mashine aione ikipungua kwenye karatasi. Ukuta hautoi pesa ambayo haikuwekwa, naye hataliamini hilo kwa kuambiwa.

Kwa huyu mdogo ningependa pia mkae siku moja na noti na sarafu mezani. Miaka 8 ni umri wa kugusa. Simba yuko kwenye 2,000, faru kwenye 5,000, tembo kwenye 10,000. Mwalimu Nyerere yuko kwenye noti ya 1,000 na Mzee Karume kwenye sarafu ya 500, ambayo ilianza kutumika mwaka 2014. Ainue noti kwenye mwanga atafute sura iliyojificha, apitishe kidole kwenye maandishi yanayokwaruza. Mwambie kwamba neno "hela" tulilitoa kwa Wajerumani, waliokuwa na sarafu ndogo iitwayo heller, mia moja kwa rupia moja tangu mwaka 1904, na kwamba masultani wa Kilwa walikuwa wakitengeneza sarafu zao za shaba kabla Mreno hajaonekana pwani hii. Wajukuu zangu walinilazimisha kuirudia hadithi hiyo mpaka nikaichoka.

Mahali pa pili ni pale unapopasahau kwa sababu umepazoea. Mwanamke mwenye kibanda cha cherehani Tabata asiyekuwa kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, sijawahi kumwona, kwa hiyo nachukulia kwamba unacho, na kama huna, jirani yako anacho. Omba ruhusa kwa wanachama, umkalishe binti nyuma ya mkeka siku ya kikao. Ataona sanduku lenye kufuli tatu na funguo zilizo mikononi mwa watu watatu tofauti, na nakuahidi atauliza kwa nini. Jibu lake linabeba nusu ya kile ambacho mimi nilifundishwa kuhusu udhibiti wa fedha. Ataona hisa zikinunuliwa, faini ya kuchelewa ikilipwa bila kujali ni mke wa nani, na mtu akisimama kueleza anaomba mkopo wa nini na ataurejesha kwa njia gani, na pengine akikataliwa. Watu huvidharau vikundi hivi, lakini sheria inavitambua: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevipa daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, huku SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, zikiwa daraja la tatu. Mkitoka hapo, mkitembea, mwonyeshe yale matangazo ya kwenye nguzo na umsimulie habari ya cherehani yako. Usiipambe. Mwambie ulikopa kiasi gani, ulitakiwa kurudisha kiasi gani na kwa siku ngapi, na ilikuwaje siku walipokuja kuichukua. Mtoto aliyesikia hayo kwa mama yake mwenyewe halitazami tena tangazo la kausha damu, yaani mikopo ya masharti makali, kwa macho yale yale.

Baada ya hapo ndipo benki, na si kabla daftari la deni lenu halijafika hata nusu. Msiende mwisho wa mwezi wala siku za mishahara. Chagueni katikati ya mwezi, katikati ya wiki, asubuhi tawi linapofunguliwa. Siku moja kabla, pita mwenyewe kwenye dawati la huduma kwa wateja useme kwamba utamleta mtoto kufungua akaunti na kwamba ana maswali. Nakuhakikishia kwamba mtumishi aliyejulishwa mapema ni mtu tofauti kabisa na yule uliyemkuta na watu arobaini mbele yake. Benki nyingi kubwa hapa zina akaunti za watoto ambazo mzazi ndiye mtia sahihi mpaka mtoto afikishe miaka 18. Chukua cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho chako cha taifa na picha za pasipoti, na uliza kabla kama kuna kingine. Fomu ya kuweka pesa ajaze yeye, hata akikosea apewe nyingine. Ahesabu pesa yeye, aisukume dirishani yeye, na risiti yenye muhuri ashike yeye.

Maswali yake ayaandike nyumbani. Ningependa yawemo haya: mnakata kiasi gani kwa mwezi na kwa kila kutoa, pesa yangu mkishaipokea inakaa humu au inakwenda wapi, na benki ikifungwa mimi nitalipwa na nani? Swali la pili huwashangaza watoto wengi, kwa sababu hudhani kila mtu ana droo yake mle ndani, na ni vizuri waelezwe kwamba amana zao hukopeshwa wengine na ndipo benki inapopata riziki yake. Swali la tatu si la kutisha bure. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja, na wenye amana walitakiwa kujua haki yao. Ipo Bodi ya Bima ya Amana, ambayo hulipa fidia kwa mwenye amana benki inapofilisika, na kiwango cha juu kilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi 1,500,000 hadi 7,500,000. Kwa hiyo akiba yenu ya kiwanja iko ndani ya kinga hiyo yote. Iliyokuwa nje ya kinga ni ile ya binti yako kwako, na mkiwa mmeshapatana mnaweza kulicheka jambo hilo pamoja mkiwa njiani kurudi.

Safari hiyo moja haitoshi, na hapa ndipo wazazi wengi wanapochoka. Rudini baada ya miezi mitatu kuweka tena, na rudini siku moja kutoa, kwa sababu mtoto ambaye hajawahi kutoa hajathibitisha kwamba pesa ni yake. Akitaka kutoa yote akanunue viatu usivyovipenda, shauri lako mpe kabla ya kufika dirishani, na mkifika dirishani nyamaza.

Benki Kuu yenyewe, iliyoanza kazi mwaka 1966 na ambayo hapa mjini iko Mtaa wa Mirambo, haifungui akaunti za watu kama sisi, na haiingiliwi kama soko. Shule hupata nafasi kwa kuandika barua. Kwenu ninyi njia nyepesi ni maonyesho ya biashara ya Sabasaba. Kila mwaka mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, Benki Kuu huweka banda, na wengine wa sekta hiyo nao huweka yao, na watumishi wamesimama pale kwa kazi moja tu ya kueleza. Nendeni siku ya kazi asubuhi, mkwepe tarehe 7 yenyewe, na msijaze zaidi ya mabanda matatu. Soko la Hisa, ambalo lilianza kuuza na kununua mwaka 1998, na mifuko ya uwekezaji ya UTT, ambayo miongoni mwake upo Mfuko wa Watoto, ningeviacha mpaka binti afike sekondari, isipokuwa akiuliza mwenyewe.

Kuhusu ziara ya shule, muulize mwalimu mambo mawili: watoto watafanya nini kwa mikono yao wakiwa pale, na 25,000 inalipia nini. Nimezipokea ziara nyingi nikiwa kazini, na nasema kwa masikitiko kwamba nyingine zilikuwa matembezi ya kofia, juisi na picha, zikiisha kwa fomu za kuwapelekea wazazi. Nyingine zilikuwa nzuri sana, hasa pale mwalimu alipokuwa amefundisha darasani kwanza. Mwalimu akikupa jibu la maana, na uwezo upo, mruhusu mmoja aende, yule mkubwa. Lakini pesa ikiwa ni ya kuchagua, kumbuka kwamba 25,000 ni zaidi ya nusu ya kile unachodaiwa nyumbani, na mdai yule yule atakuona ukiilipa kwa wengine.

Nimemwacha mume wako mwisho kwa sababu sidhani kama ni mpinzani wako. Anaogopa nyumba yake kuanikwa, na hofu hiyo ni ya haki. Mweleze ulivyozungumza na binti kuhusu siri, na kwamba karatasi zenu za benki hazitasomwa tena na watoto. Kisha usimwombe ruhusa ya kuwapeleka watoto mahali, mwombe afundishe. Yeye ana somo kubwa kuliko letu sote, nalo limeegeshwa nje ya mlango. Shilingi 20,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa miezi 20, ni shilingi 10,400,000. Binti wa darasa la sita aikokotoe hesabu hiyo kwenye daftari, kisha baba amwambie bajaji ile ile ingeuzwa kwa bei gani kwa mtu mwenye pesa taslimu mkononi, na tofauti iliyobaki wote watatu waijadili: ni bei ya nini, nani anaipata, na kwa nini baba aliikubali akijua. Jioni moja amruhusu mdogo apange mafungu mezani, la mafuta, la tajiri, la matengenezo, na lile linalobaki kwa ajili ya nyumba. Mwanamume aliyekataza fedha kuzungumzwa mbele ya watoto huenda akashangaa anavyopenda kuulizwa maswali na mwanawe.

Anza Jumamosi hii. Daftari acha alinunue binti mwenyewe, kwa pesa yako, na ile 5,000 ya kwanza umpe mkononi. Akiamua kuipeleka kwenye kibubu cha kwa bibi, msindikize mpaka kituoni, usimuulize mle ndani zimefika ngapi.